Gedi: mwambie mwongozaji akuonyeshe misikiti kwanza

Mimi ni fundi wa chokaa. Jukwaani sipandi tena, magoti yamekataa huu mwaka wa tatu, lakini jicho halijastaafu: siwezi kukaa nyumbani kwa mtu nikanywa chai bila kutazama ukuta wake umepinda wapi. Basi akikuandikia mtu kama huyu habari za Gedi, magofu ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, usingoje akusifie vipepeo. Vipepeo wapo, mradi wa Kipepeo uko palepale tangu 1993, wanavijiji wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke huwalea na kuwauza, ni jambo jema. Mjukuu wangu aliwapenda. Tuendelee.

Mzaliwa wa Shela, Malindi, umri sitini na mbili, na Gedi nilikuwa nimefika mara mbili tu maishani. Mara ya kwanza na shule, darasa la sita, nakumbuka zaidi kashata tulizonunua njiani. Mara ya pili nilimpeleka mgeni na mvua ikatufukuza. Ni kama kilomita kumi na sita kutoka mlangoni kwangu. Aliyenitoa safari hii ni huyo mjukuu, yuko gredi ya saba, kapewa kazi ya kuandika juu ya mahali pa ibada pa zamani karibu na kwao. Wenzake wote wamekimbilia kanisa dogo la Wareno hapa mjini, lile linalohusishwa na Francis Xavier aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, kwa sababu liko karibu na unalimaliza kwa dakika kumi. Yeye akasema, "Babu, mimi nataka Gedi." Na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alikuwa ameteremka kutoka Lamu kuja kutazamwa macho. Tukamtia kwenye tuktuk.

Usafiri si shida. Matatu za Watamu hukushusha Gede, kutoka njia panda ni hatua kidogo tu. Sisi tulikodi tuktuk ya asubuhi nzima kwa ajili ya wazee wawili wenye magoti ya wazee. Fikeni mapema, saa mbili hivi, kabla jua halijapanda na kabla mabasi ya wageni hayajaingia. Vaeni viatu vya kufunika vidole, siafu wa msitu ule hawajui mkubwa wala mdogo. Na chakula kiacheni kwenye chombo. Nitaeleza kwa nini.

Kijana wa kututembeza tulitafutiwa na wakala mmoja mjini. Sitamtaja wakala wala kijana, maana mmoja simpendi na mwingine nilimpenda baadaye. Alituamkia vizuri, "Shikamooni wazee," nikaona ana malezi. Lakini hatujapita hata mbuyu wa kwanza akaanza na mizimu. Kwamba ukiokota kijiwe ukaenda nacho nyumbani utaugua. Kwamba hata James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale aliyechimba hapa kuanzia 1948 hadi 1958, alihisi kuna mtu anamtazama kutoka nyuma ya kuta. Sauti ameishusha, macho ameyatoa, mtoto amenishika kanzu. Shemeji akasimama.

"Mwanangu," akamwambia, "waliokaa mui huu walikuwa Waislamu, wana majina kama yetu. Tuonyeshe waliposwali."

Kijana akacheka kwa haya, akageuza njia. Hapo ndipo ziara ilipoanza.

Tulianza na makaburi. Liko moja lenye tarehe, limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Simama hapo kidogo. Mji huu hakuna aliyeuandikia tarikhi yake. Wareno walikaa Malindi miaka mingi na habari za Gedi hawakuziandika. Lakini mtu mmoja alipofiwa akamwita fundi amwandikie mwaka kwenye lipu, na mwaka ule ndio unaowasaidia wataalamu kupima umri wa vitu vingine vyote hapa. Mjukuu akapiga hesabu kwa vidole, akasema, "Babu, ni zaidi ya miaka mia sita." Nikamwambia ndiyo, na lipu ya jirani yetu iliyopigwa juzi imeshaanza kubanduka.

Hatua chache mbele kuna kaburi la nguzo, nguzo yenyewe imetiwa mifereji kutoka juu hadi chini. Sisi wa Malindi makaburi ya nguzo tunayo kando ya Msikiti wa Jumaa, nayapita kila Ijumaa viatu mkononi, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimeacha kuyaona. Pale Gedi, mbali na kelele za soko, niliiona kazi. Kupandisha nguzo ya mawe na chokaa tupu, bila saruji, bila nondo, ikasimama wima mpaka leo, kunataka mtu mwenye timazi na subira. Chokaa hukauka polepole. Unapandisha kiasi, unaacha, unarudi. Ukiharakisha, uzito wa juu unabinya tope la chini nalo linatoka kwa pembeni kama siagi kwenye mkate. Mifereji ile ya ubavuni ndiyo iliyonimaliza, yote imeshuka sawa.

Sasa Msikiti Mkuu. Hapa tulikaa karibu saa nzima, na kama una muda mfupi uweke wote hapa.

Ulijengwa karne ya kumi na tano na baadaye ukajengwa upya. Paa halipo, kuta zimebaki. Unaingia ukitazama kaskazini, kwa kuwa kwetu pwani Makka iko kaskazini, na mjukuu alitoa simu akahakikisha kwa dira: wazee wale hawakukosea. Upande wa kutilia udhu kuna kisima na birika. Juu ya tao la mlango mmoja, ule wa kaskazini mashariki, kumechongwa ncha ya mkuki mpana. Mkuki juu ya mlango wa msikiti! Kijana alieleza kuwa husemwa ni alama ya mamlaka. Shemeji akasema kwao Lamu alama ya mamlaka ni siwa, lile baragumu kubwa, iko makumbusho, na mkuki hajawahi kuuona msikitini. Wakabishana kidogo. Nikawaacha, nikaenda kibla, kile kishubaka cha ukutani anaposimama imamu.

Jiwe la kibla lile ni la baharini. Hili ni jambo la ufundi, niacheni nilieleze. Huku kwetu kuna mawe ya aina mbili. Lipo la nchi kavu, gumu, lenye meno, linalojaza kuta. Na lipo tumbawe linalotolewa majini likiwa bichi, jepesi, laini, unalikata kwa msumeno na kulichonga kama sabuni. Likipigwa na hewa likakauka, linakuwa gumu. Ndilo la nakshi. Kwa hiyo fundi wa kibla hakuwa na siku nyingi. Jiwe linatoka baharini, na bahari kutoka Gedi si karibu, ni mwendo wa kilomita kadhaa, linaletwa, na lazima alichonge kabla halijamgomea. Mistari ile iliyolizunguka tao, mmoja ndani ya mwingine, mwembamba na mnene, imechongwa kwa haraka na mkono haukutetemeka. Niliinama nikatafuta mahali alipokosea. Nimekaa kazini miaka thelathini na tatu, najua fundi hukosea wapi: kwenye kona, mistari inapokutana. Sikupata.

Kwenye mapambo yake kuna mashimo ya duara. Hapo zilikuwa zimepachikwa bakuli za kaure, kutoka China. Bakuli hazipo, duara zimebaki zimetazama kama macho. Kijana wetu, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshaacha kabisa habari za mizimu, alipiga goti akamwonyesha mtoto ukingo wa shimo, jinsi lipu ilivyokuwa imekumbatia kitako cha bakuli. Nilimtazama nikafikiri, huyu anajua, ila hakuna anayemuuliza.

Mimbari ni ya mawe, ya ngazi, kulia kwa kibla, palepale inapokaa mimbari ya msikiti wowote unaoujua.

Halafu nguzo. Ukisimama katikati utashangaa: safu ya katikati imepangwa sawa na kibla, kiasi kwamba aliyesimama nyuma hamwoni imamu, anaona nguzo. Mgeni mmoja karibu yetu alisema walijenga vibaya. Nilitaka kunyamaza nikashindwa. Bwana, mjenzi wa pwani huanza na boriti, si na chumba. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya kama mita tatu, na juu yake unapakia mawe na chokaa, mzigo wa kutisha, halafu watu wanapanda kuipiga sakafu kwa magongo siku kadhaa mpaka ishikane. Ukitaka msikiti mpana, utatia nguzo, na usipozitia, Ijumaa moja paa litashuka na jamaa wote chini yake. Ndivyo nionavyo mimi kama fundi. Wataalamu wa vitabu huenda wana maneno mengine.

Sasa kero yangu. Tukiwa bado pale, likaingia kundi la watu kama kumi na tano. Kijana mmoja akaingia kibla chenyewe, akaegemeza mgongo, akakunja mguu mmoja ukutani, akapigwa picha. Mama mmoja akampandisha mtoto juu ya mimbari na pakiti ya kripsi. Wa kwao wa kuwaongoza alisimama pembeni akichezea simu. Sikuwalaumu sana wale wageni. Mtu akisimuliwa njia nzima habari za mizimu na mji uliopotea, akifika anaona mapango, haoni msikiti. Hajaambiwa.

Shemeji hakusema neno. Alirudi mlangoni, akavua makubazi, akayapanga kando ya kizingiti, akaingia peku. Kijana wetu akamwambia kwa upole, "Mzee, kuna miiba." Akajibu, "Naiona," na mwenyewe macho ndiyo yaliyomleta Malindi. Nikavua vyangu. Mjukuu akanitazama, akavua. Shemeji alitandika kikoi chake cha begani, akaswali rakaa mbili pale, chini ya mbingu tupu, majani makavu yakimwangukia. Alipotoa salamu, yule wa kibla alikuwa ameshatoka, na mama alikuwa amemteremsha mtoto mimbarini na anaokota vipande vya kripsi. Hakuna aliyegombezwa.

Jumba la mfalme ni kubwa, lina viwanja vya kukalia na vyoo vya ndani, wapenda majumba watalifaidi. Mimi nilipita. Nyumba zilizolizunguka zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake wakati wa uchimbaji: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Kauri (zile simbi za pwani), Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Inasaidia kukumbuka, sikatai. Lakini fikiria umejenga, umeoa, umesomesha watoto Kurani kwenye baraza lako, na mwisho wake unaitwa kwa mkasi uliokupotea.

Misikiti midogo ndiyo ambayo wageni wengi huikosa, na kijana mwenyewe alikiri ni mara chache anaombwa kuipeleka. Ipo kadhaa: wa Mfereji Mrefu, wa Safu Tatu, Ulio Ukutani, Ulio Kati ya Kuta. Maana mji ulikuwa na kuta mbili, wa nje na wa ndani, na eneo lote ni kama ekari 45. Mfereji wa huo wa kwanza ni wa kuleta maji ya udhu kutoka kisimani, umepita mrefu kama jina lake, na ukiuinamia utaona umeteremka kidogo kidogo tu. Bila pimamaji! Mjukuu akauliza mbona misikiti mingi kwa mji mmoja. Shemeji akapata nafasi yake. "Mwanangu, Lamu mji wa kale una misikiti zaidi ya ishirini, na ukitoka mmoja unaisikia adhana ya mwingine. Kila mtaa na wake. Mtu huenda msikiti wa baba yake." Halafu akaongeza, kwa kuwa ni mtu wa Lamu na hawezi kujizuia, "Tena yetu ina mapaa."

Nilimuuliza kijana kuhusu jina. Gedi, au Gede kama wanavyosema wenyeji, linatajwa kuwa ni neno la Kioromo lenye maana ya kitu cha thamani, na hilo ni jina la baadaye. Ila kwenye ramani moja ya zamani ya Wareno limeandikwa Quelman maeneo haya, na wapo wanaolisoma kuwa ni Kilimani. Nililipenda. Kilima cha kukutoa jasho hakipo, ni mgongo tu wa mawe ya matumbawe ulioinuka kidogo juu ya nchi tambarare, lakini huku kwetu pwani mwinuko wa mnazi mmoja tunauita mlima. Na mji wa watu wa bahari kujengwa ndani, mbali na bahari, bado ni fumbo linalogombaniwa.

Kwa nini watu waliondoka? Kijana alizitaja sababu bila kuapa, nami nikamheshimu kwa hilo. Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, walipita pwani hii mwaka 1589 wakiua. Mwaka 1593 Wareno walihamia Mombasa na mtawala wa Malindi akaenda nao, nchi huku ikabaki bila kinga. Waoromo walikuwa wakishuka kutoka kaskazini. Na maji: kisima cha Msikiti Mkuu kilichimbwa kuongezwa kina, dalili kwamba maji yalikuwa yanakimbia chini. Mimi nasimama na kisima. Mji wa Kiislamu hauwezi kukaa bila maji ya udhu, hata kabla ya kufikiria ya kupikia. Mwanzoni mwa karne ya kumi na saba palikuwa pamekwisha, msitu ukaingia.

Makumbusho yaliyo hapo ni madogo, dakika ishirini zinatosha, ila usiyaruke, kwa sababu humo ndimo utakapoona kaure zenyewe, na ukitoka unaweza kurudi akilini kwenye yale mashimo ya kibla ukayajaza. Mji umetiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, wakati Lamu imo tangu 2001. Shemeji alinikumbusha tofauti hiyo ya miaka mara mbili kabla hatujafika kwenye tuktuk.

Ahadi yangu ya chakula. Mke wangu alitufungia mahamri kumi na mawili na chupa ya chai. Nilikaa kwenye jiwe, nikafungua mfuko, nikageuka kumwita mtoto. Kima wa Gedi hakimbii, anakuja anatembea kama mtu anayekujia kudai deni. Alichukua mfuko mzima, akapanda mkwaju, akakaa tawini akila moja moja na kututupia makombo. Tulibaki na chai. Dereva wa tuktuk, aliyekuwa ameacha viazi karai vyake chini ya kiti, ndiye aliyetulisha.

Bei ya kiingilio kwa mwananchi haikuniumiza, tulilipa kwa simu. Malipo ya mwongozaji mnapatana, patanisheni kabla ya kuingia.

Wakati wa kuagana nilimpa kijana cha mkononi, nikamwambia: kundi lijalo, anza na kaburi la 802, halafu kibla, na waambie wavue viatu. Akazikunja noti, akatabasamu.

"Mzee, nisipowapa mizimu hawanipi kitu."

Sikuwa na jibu. Mahali nimepapa nyota tano. Yeye nimempa nne, na ya tano anayo akija Shela siku ya Ijumaa, nimtembeze mimi kwenye makaburi yetu ya nguzo, na simtozi.